Redio iko Lamu, mimi niko Malindi: kwa nini inanikatikia kila jioni?

#1 Dari_ya_Mkomani

Salaam aleikum wadau. Nina kituo cha redio ya ridhaa, ile ya kuongea na watu duniani kwa mawimbi, juu ya dari ya nyumba yetu Mkomani, Lamu. Kazi imenileta Malindi, na hapa nimepanga kwenye ghorofa ambayo mwenyewe hataki kuona hata kamba ya kuanikia nguo, seuze antena. Basi redio nimeiacha Amu, naiendesha kutoka huku kwa intaneti.

Vifaa ni hivi. Icom IC-7300 imeungwa kwa USB kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayoendesha seva ya wfview, programu ya kuongoza redio kwa mbali. Pi inakwenda kwenye ruta ya 4G kwa kebo ya LAN. Umeme wa redio ni betri ya lithiamu ya 12 V, 100 Ah, inayochajiwa na sola. Antena ni dipoli mbili za waya, moja ya bendi ya mita 40 na moja ya bendi ya mita 20, kwenye kebo moja. Katikati zimeinuliwa kwa boriti na ncha zimeshuka pembeni mwa dari. Laini ya simu hainipi anwani ya IP ya wazi, kwa hiyo nimekodi seva ndogo Ujerumani, na pande zote mbili zinakutana pale kwa WireGuard, handaki la siri ndani ya intaneti.

Mchana kwenye mita 20 mambo ni shwari. Nimeongea na Italia, Urusi, India, wote wanasifu sauti. Jioni nikihamia mita 40 ndipo balaa linapoanza. Kuanzia saa moja hadi kama saa nne usiku, nikibonyeza kutuma, sekunde chache tu skrini inaganda na mawasiliano yote na Lamu yanapotea nusu dakika au zaidi. Kisha yanarudi yenyewe. Ninaoongea nao wanasema wamesikia neno la kwanza basi. Nimechoka kubahatisha. Sababu ni nini?

#2 Mtoto_wa_Langoni

Nyumba hiyo naiyua. Watu wa mtaani hudhani mwaanika papa pale yuu.

#3 Bi_Kebo

Kabla hujapanda darini, tazama njia unayoipitisha sauti yako. Malindi hadi Lamu kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 140. Wewe unaishusha sauti Mombasa, inazama kwenye kebo ya baharini, inapanda hadi Ujerumani, inageuka, inarudi kwa bahari ile ile hadi Mombasa, ndipo ielekee Lamu. Kebo moja ikikatwa huko mbali, nawe umo. Mwezi Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika pamoja upande wa Afrika Kusini na Afrika Mashariki nzima ikatambaa.

Lakini shida yako ya kila jioni nadhani ni mnara wa simu. Saa moja usiku watu wametoka kazini, wametoka msikitini, kila mmoja na video yake. Pakiti, yaani vipande vya data, hazipotei lazima, zinachelewa bila mpangilio, na kwa sauti hilo ni baya kuliko kupotea. Sauti ya wfview na handaki la WireGuard vyote vinatumia UDP. Pakiti iliyochelewa mno inatupwa, hakuna wa kuirudisha.

Nataka vitu viwili. Weka ping, kipimo cha muda wa pakiti kwenda na kurudi, kutoka Pi hadi seva yako mchana kutwa na usiku kucha, ulete grafu. Na niambie kodeki, yaani njia ya kubana sauti, uliyochagua. Ukiwa kwenye sauti isiyobanwa, biti 16 kwa kilohezi 48, ni kilobiti 768 kwa sekunde, yaani karibu MB 346 kwa saa kwa upande mmoja. Opus ya kilobiti 24 inakula kama MB 11 tu kwa saa, na kwa SSB, sauti nyembamba ya redio zetu, huwezi kujua tofauti.

#4 FundiSola

Bi_Kebo heshima yako, lakini mtandao hauna habari kwamba jamaa amebonyeza kitufe. Balaa linaanza anapobonyeza.

7300 ikitoa wati 100 inakula hadi ampea 21. Mchana sola inasukuma na betri iko zaidi ya volti 14. Jua likizama unabaki na betri peke yake, 13.2 hivi, na hapo hujaipa mzigo. Sasa waya wa kutoka betri hadi redio ni wa unene gani? Tuseme ni wa milimita mraba 2.5, urefu mita 5. Kwenda na kurudi ni mita 10, ukinzani karibu ohm 0.07, kwa ampea 20 umeacha volti 1.4 njiani. Redio inapata 11.8. Icom wenyewe wanataka 13.8 kujumlisha au kutoa asilimia 15, yaani mwisho wa chini ni 11.7. Uko ukingoni, ndugu.

Na Pi umeilisha wapi? Kama inanyonya waya ule ule, kila ukisema halo inapata kizunguzungu. Ikishuka chini ya volti 4.63 huwa inaandika onyo. Endesha amri ya vcgencmd get_throttled ulete jibu.

#5 ham_wa_Tanga

Mkuu swali moja tu. Kebo ya LAN kutoka Pi hadi ruta ina urefu gani?

#6 Dari_ya_Mkomani

Shukran nyote. Bi_Kebo, niko kwenye ile isiyobanwa, sikujua kama inakula hivyo. Bando langu sasa limepata maelezo. Ping naiweka leo.

FundiSola, waya ni wa 2.5 kama ulivyokisia, mita 4 na kitu. Pi inakula betri ile ile kupitia kishusha volti. Ruta iko kwenye stima ya nyumba.

ham_wa_Tanga, mita 10 au zaidi kidogo. Pi iko darini ndani ya sanduku pamoja na redio. Ruta iko chini chumbani kwa shangazi, dirishani, kwa sababu nyumba nzima inaitumia. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe, nene, waifai haipiti hata ukuta mmoja.

#7 ham_wa_Tanga

Nilijua. Chukua 300 ugawe kwa 7.1, wimbi lina mita 42 na robo. Robo yake ni mita 10 na nusu. Mkuu umetandika antena ya pili chini ya ile ya kwanza na ukaichomeka kwenye ruta. Ukituma mita 40, waya ule unabeba masafa ya juu hadi tumboni mwa ruta, ruta inachanganyikiwa, inajizima na kuwaka upya. Nusu dakika hadi dakika ndio muda wa ruta kuamka na kushika mnara. Ujerumani haihusiki, betri haihusiki.

Dawa ni pete za feriti za aina ya 31, zinazozuia masafa ya juu kupita kwenye waya, zungusha kebo mara nane hadi kumi kila upande. Mimi hapa Tanga taa ya sebuleni ilikuwa inawaka yenyewe kila nikituma usiku. Mama watoto alishaita shehe kabla sijapata feriti.

#8 Kaskazi22

Ngoja. Kebo ya mita 10 ni robo kwenye bendi ya 40, lakini kwenye bendi ya 20 ni nusu wimbi. Nusu wimbi nayo hunasa vizuri. Mbona mchana haimsumbui?

#9 ham_wa_Tanga

Inategemea ncha zake. Upande wa Pi umeshikana na redio na kebo ya antena, kwa hiyo ni kama umefungwa ardhini. Upande wa ruta unaelea. Waya uliofungwa ncha moja unaitika kwenye robo, robo tatu na kuendelea, si kwenye nusu. Kwa hiyo 20 haimgusi sana.

#10 Mswalimaswali

Samahani wakubwa, mimi nimepita tu. Kama una intaneti Malindi na intaneti Lamu, kwa nini usipige simu?

#11 Mtoto_wa_Langoni

Ahsante! Mwulize na bei ya hiyo redio.

#12 Mzee_wa_Morse

Kijana namba 10, nitakujibu kwa sababu umeuliza kwa adabu. Intaneti inamfikisha mpaka kwenye redio yake tu. Kutoka pale darini hadi India hakuna mnara, hakuna bando, hakuna kampuni. Ni wati 100 na tabaka la anga linalorudisha mawimbi chini. Mtandao ukifa nchi nzima, mtu aliyekaa Mkomani mbele ya redio ile bado anasikika Bombay.

Na hapo ndipo ninapogombana na mleta uzi. Mtandao ukifa, yeye Malindi hana redio. Nilikuwa afisa wa redio melini mpaka kazi yetu ikafutwa, maana tarehe 1 Februari 1999 meli zote kubwa za safari za kimataifa ziliingia GMDSS, mfumo mpya wa mawasiliano ya dharura, na Morse ikawekwa kando. Tulikesha na kHz 500, masafa ya dharura ya baharini. Kila nusu saa kulikuwa na dakika tatu za kunyamaza, kuanzia dakika ya 15 na ya 45, ili aliye taabani asikike hata kama betri yake imechoka. Utamsikia vipi mnyonge kama masikio yako yako kilomita 140?

#13 Dari_ya_Mkomani

Shikamoo mzee. Nakubali kwa dharura mtu akae na redio yake. Lakini mbadala wangu si kukaa na redio. Mbadala ni kukaa bila redio.

#14 Mzee_wa_Morse

Marahaba. Hilo sina jibu lake.

#15 Kaskazi22

Tena mzee, masikio yake yako mahali pazuri kuliko ya wengi wetu. Mimi niko katikati ya mji na chaja za sola na taa za LED za majirani, mita 40 yangu ni mvumo mtupu. Dari ya Mkomani na bahari mbele, mtu angelipa.

#16 Mswalimaswali

Kumbe. Je, mtu wa Ulaya anaweza kukodi redio ya Dari akajifanya yuko Lamu?

#17 Bi_Kebo

Kujifanya hapana. Katika DXCC, tuzo ya kuhesabu nchi ulizoongea nazo, kinachohesabiwa ni mahali alipo mtambo wa kutuma, wala si mahali alipo kiti. Mtambo uko Lamu, basi mawasiliano ni ya Kenya, awe mwendeshaji yuko Malindi au Milano. Ndiyo maana anayetuma kutoka dari ile lazima awe na ruhusa ya hapa, ishara ya wito ya 5Z4, kutoka Mamlaka ya Mawasiliano. Leseni yake ya Ulaya haimfikishi Mkomani kwa kuwa tu ana nywila.

Na kwa kuwa tumefika kwenye nywila: Dari, usiwahi kufungua milango ya wfview, UDP 50001 hadi 50003, moja kwa moja kwenye intaneti. Iache ndani ya WireGuard. Akiingia mtu akatuma upuuzi, ishara ya wito inayosomwa ni yako.

#18 Mzee_wa_Morse

Kuna la muhimu kuliko nywila. Mawasiliano yakikatika huku redio inatuma, nani anaizima? Sheria ya Marekani, kifungu cha 97.213, inataka kituo kinachoendeshwa kwa mbali kisitume zaidi ya dakika 3 kama njia ya kukiongoza imeharibika. Sisi hatuko chini ya sheria hiyo lakini akili ni ile ile. Umeweka kikomo?

#19 Dari_ya_Mkomani

Nimeweka cha redio yenyewe, dakika 3. Na wfview ikipoteza mawasiliano huwa inaachia kutuma. Mpaka sasa haijawahi kubaki imebonyezwa.

#20 FundiSola

Mimi ningeongeza soketi ya kuzimwa kwa simu, kwa laini tofauti na ya ruta. SMS moja, umeme wa redio unakatika. Programu ikiganda haiachii kitu.

#21 Ngomeni_Chumvi

Habari za jioni. Mimi niko Ngomeni, nafanya kazi mashamba ya chumvi, na kwa miaka nimebadilisha viungio vya kebo kuliko soksi. Hamjauliza plagi za antena zina hali gani.

Chumvi kavu haipitishi umeme. Tatizo ni usiku. Unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75, chumvi inaanza kunyonya maji yenyewe, na ile punje nyeupe iliyokaa ndani ya plagi inageuka maji ya bahari. Mchana jua linakausha, unapima, unakuta kila kitu kizima. Jioni umande unashuka na ugonjwa unarudi. Fungua plagi ya PL-259 hapo kwenye boriti. Ukiona unga wa kijani kwenye shaba, umepata mchawi wako. SWR yako, kipimo cha jinsi antena inavyorudisha nguvu, ya mchana na ya usiku zinalingana?

#22 ham_wa_Tanga

Hii nimeipenda. Na inasaidia hoja yangu, kwa sababu kiungio kibovu kinarudisha mkondo nje ya kebo ya antena hadi kwenye Pi, na kutoka Pi hadi LAN.

#23 Ngomeni_Chumvi

Haisaidii hoja yako, ni hoja yangu.

Halafu mnaongea kuendesha redio kwa mbali kana kwamba ni jambo la juzi. Hapa kwetu Waitaliano walikuwa wakirusha roketi kutoka jukwaa la San Marco, watu wenyewe wako jukwaa lingine la Santa Rita, na amri zinapita kwenye kebo chini ya maji. Tangu 1964 hiyo.

#24 Mzee_wa_Morse

Jukwaa sawa, mwaka si sawa. Setilaiti ya San Marco 1 ya Desemba 1964 ilirushwa Wallops, Marekani. Setilaiti ya kwanza kutoka ghuba yenu ni San Marco 2, tarehe 26 Aprili 1967. Ile iliyopewa jina Uhuru, ya kuchunguza miali ya eksirei angani, ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya Jamhuri, na jina likatokana na hapo. Ya mwisho ilikuwa Machi 1988.

#25 Ngomeni_Chumvi

Ahsante mzee. Babu yangu alikuwa akisema 1964, nitamwacha na mwaka wake.

#26 Mtoto_wa_Langoni

Sisi Amu hatukurusha roketi lakini twarusha kishada. Dari, wala hujajibu SWR.

#27 Dari_ya_Mkomani

Nimerudi na matokeo, na sijui kama yanasaidia au yanaharibu.

SWR kwenye 7.1: mchana 1.4, usiku inapanda 1.8, mara nyingine 2.

get_throttled imetoa 0x50000.

Ping: mchana wastani milisekunde 160 kutoka Lamu hadi seva. Kuanzia saa moja usiku inaruka hadi 400 na zaidi, na pakiti tatu katika kila mia zinapotea. Usiku huo sikutuma kabisa, redio ilikuwa imezimwa.

Na nimemwomba binamu yangu mdogo akae mbele ya ruta akiwa na simu yake, laini tofauti, aniambie taa zinafanya nini ninapobonyeza. Mara ya kwanza kasema: "Zote zimezima, imewaka nyekundu moja, sasa zarudi." Nikangoja, nikabonyeza tena. Kasema: "Safari hii hazikuzima, ile ya mtandao tu ndiyo imegeuka rangi." Nikamwuliza una hakika? Akanijibu anataka kwenda kucheza mpira.

#28 FundiSola

0x50000! Hiyo ni biti ya 16 na ya 18: volti imeshuka chini ya kiwango na Pi imelazimika kujipunguza mwendo. Kesi imefungwa. Weka waya wa milimita mraba 6 na Pi uipe kishusha volti chake moja kwa moja kutoka betri.

#29 Bi_Kebo

Haijafungwa. Biti hizo zinasema ilitokea tangu Pi iwashwe, hazisemi ilitokea lini. Pengine ilikuwa asubuhi ile uliyoiwasha. Izime uiwashe, uangalie, utume mara moja, uangalie tena. Halafu usome ping yangu: redio imezimwa, hakuna ampea hata moja, na bado jioni mtandao umeharibika.

#30 ham_wa_Tanga

Pakiti tatu katika mia haziwezi kuua mawasiliano nusu dakika nzima. Sauti ingekwaruza tu. Na mtoto ameona taa zote zimezima. Mnara uliojaa hauzimi taa za ruta.

#31 Bi_Kebo

Mara ya pili hazikuzima. Umechagua mara ya kwanza kwa sababu inakupendeza.

#32 ham_wa_Tanga

Na wewe umechagua ya pili.

#33 Kaskazi22

Jamani, kila kitu kinachoharibika hapa kinaharibika jioni: mnara, betri, umande, na yeye mwenyewe anahamia bendi ya 40 jioni. Hatuwezi kutenganisha bila kuvunja huo mkufu. Dari, umewahi kutuma mita 40 saa sita mchana? Na umewahi kutuma 20 usiku?

#34 Dari_ya_Mkomani

40 mchana nimejaribu leo wakati wa mapumziko ya kazi. Wati 100 ilikatika mara moja tu, kisha nikatuma tena na tena bila shida. 20 usiku sijajaribu. Nilipopunguza hadi wati 20 kwenye 40 usiku, siku moja ilikuwa sawa kabisa, siku nyingine ikakatika kama kawaida.

#35 Mtoto_wa_Langoni

Leo mmeniudhi, nimepita nyumbani kwa Dari baada ya Isha. Shangazi yake kanikaribisha, kanipa na chai. Sasa sikilizani. Ruta imechomekwa ekstensheni moya na friji, feni na chaja za simu za mtaa mzima. Plagi ya ruta imelegea, na upande wake plastiki imekuwa rangi ya kahawa kwa moto. Nikaigusa kwa kidole kidogo hivi, taa za ruta zikacheza. Friji ilipoanza kunguruma, zikacheza tena, na sikugusa kitu.

Hakuna feriti, hakuna Ujerumani. Ni ekstensheni.

#36 FundiSola

Nilisema ni umeme!

#37 Bi_Kebo

Ulisema ni betri. Ruta haiko kwenye betri.

#38 Dari_ya_Mkomani

Mtoto_wa_Langoni Mungu akulipe, na shangazi anakusalimu, anasema chai umeimaliza birika. Ila friji haingurumi ninapobonyeza kitufe. Na ekstensheni ile imekaa pale mchana pia.

#39 Mtoto_wa_Langoni

Mchana joto, friji yanguruma wakati wote. Usiku yazima na kuwaka. Ukibonyeza mara nyingi, lazima siku moya mtakutana.

#40 Kaskazi22

Nina jaribio linaloweza kutenganisha. Tumia FT8, mtindo wa kutuma ujumbe mfupi kwa kompyuta kupitia redio. Iendeshe programu yake, WSJT-X, ndani ya Pi hapo Lamu, si kwenye laptopu yako Malindi. FT8 inatuma sekunde 12.64 katika kila kipande cha sekunde 15, na sauti inatengenezwa pale pale Lamu, haipiti kwenye mtandao hata kidogo. Wewe unatazama skrini tu. Mawasiliano yakikatika kila inapotuma, Bi_Kebo ametoka mchezoni. Hakikisha saa ya Pi iko sawa, FT8 haivumilii zaidi ya kama sekunde moja, na Pi nyingi hazina betri ya saa. Hii FT8 imekuwepo tangu 2013, imeshapimwa vya kutosha.

#41 Mzee_wa_Morse

2017. Joe Taylor na Steve Franke. Huyu Taylor ndiye aliyepata Nobel ya fizikia 1993.

#42 FundiSola

Jaribio zuri, lakini FT8 inatuma kwa nguvu kamili mfululizo. Sauti ya mtu inapanda na kushuka, wastani wake ni mdogo. Utaiangusha betri kwa namna ambayo maongezi hayaiangushi, halafu useme nilikuwa sahihi. Nataka kuwa sahihi kwa haki.

#43 Kaskazi22

Basi atume FT8 kwa wati 30.

#44 ham_wa_Tanga

Kwa wati 30 kebo ya LAN nayo inapata moto mdogo. Hapo utakuwa umenitoa mimi bila kunisikiliza. Bora aondoe antena, afunge mzigo bandia wa ohm 50 kwenye redio, atume wati 100 usiku. Ikikatika, ni umeme. Isipokatika, ni mawimbi.

#45 Ngomeni_Chumvi

Au plagi. Ukiondoa antena umeondoa na plagi yangu.

#46 Kaskazi22

Na ampea hazitalingana. Kwa SWR ya 2 redio huenda inajipunguza nguvu, kwa mzigo bandia itatoa zote 100.

#47 Mswalimaswali

Naona sasa kwa nini hampigi simu. Huu mtihani wa leseni unafanyikia wapi?

#48 Mzee_wa_Morse

Anza na Chama cha Redio ya Ridhaa Kenya, ishara yao ni 5Z4RS. Watakuelekeza hadi Mamlaka. Na ujifunze Morse hata kama hawakuulizi.

#49 Dari_ya_Mkomani

Mpango wangu: Ijumaa natoka kazini mapema, nachukua basi hadi Mokowe, boti, na jioni niko darini mwenyewe. Nabeba waya wa milimita mraba 6, ekstensheni mpya, plagi mbili na mkanda wa mpira wa kuzibia maji. Feriti nimeagiza Mombasa. Kodeki nimeshabadilisha kuwa Opus usiku wa jana, na nimejaribu: imekatika mara moja tu badala ya kila mara.

#50 Bi_Kebo

Mara moja tu. Nasema hivyo tu, sisemi zaidi.

#51 ham_wa_Tanga

Mkuu tafadhali usibadilishe vyote siku moja. Ukibadilisha waya, ekstensheni, plagi na feriti kwa pamoja na ikapona, hatutajua aliyeponya ni nani na tutagombana hapa mpaka Ramadhani.

#52 Dari_ya_Mkomani

Nina usiku mbili tu Amu, ndugu. Jumapili narudi kazini.

#53 FundiSola

Basi anza na waya.

#54 Ngomeni_Chumvi

Plagi.

#55 Mtoto_wa_Langoni

Anza na ekstensheni kabla nyumba haijaungua. Mimi nitakupokea gatini Ijumaa. Niletee maembe ya Malindi, ya bolibo, usiniletee ya kijani.